Brillouin au Raman: Kipi Kitakubana Kwanza Ukiongeza Nguvu Kwenye Faiba?

Nikiwa fundi kijana, usiku mmoja nilitumwa kusaidia laini ya televisheni ya kebo iliyotoka Dar es Salaam kwenda Kibaha, kilomita 40 hivi za faiba. Picha upande wa Kibaha zilikuwa dhaifu, na mkubwa wetu akaamua jambo ambalo yeyote kati yetu angeliamua: amplifaya, kifaa kinachokuza mwanga, ipandishwe kutoka 16 dBm (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja) hadi 19. Kwa hesabu ya kawaida, ukiongeza desibeli tatu huku, desibeli tatu zitaonekana kule. Kule haikuongezeka hata moja kamili, na picha zilizokuwa dhaifu zikaanza kuganda. Tulisafisha koneka, tukabadilisha pachikodi, tukapitisha OTDR, kipimo cha kutafuta kasoro ndani ya uzi, kukagua splaisi, yaani viungo vya uzi, moja moja. Uzi ulikuwa mzima. Mwanga tuliouongeza ulikuwa umegeuka njiani na kurudi Dar.

Kilichougeuza kinaitwa mtawanyiko wa Brillouin. Una ndugu yake, mtawanyiko wa Raman, na vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii husomeshwa vyote viwili kwa pumzi moja, kama vile ni kitu kimoja chenye majina mawili. Matokeo yake ni kwamba mtu anaogopa Raman mahali ambapo hauwezi kumgusa, na anapitwa na Brillouin uliokwisha kumkaba. Tangu usiku ule, mtu akiniuliza faiba inabeba nguvu kiasi gani, namuuliza kwanza: nguvu hiyo imejazana kwenye rangi moja nyembamba, au imegawanywa kwenye rangi nyingi? Brillouin huikagua kila rangi peke yake. Raman huzijumlisha zote.

Yanayotokea ndani ya kioo

Faiba ni silika, na silika haitulii. Molekuli zake hutetema, na mitetemo midogo ya sauti hupita ndani yake muda wote, hata kebo ikiwa bado imeviringwa stoo. Mwanga mdogo hupita bila kuisumbua. Kiasi kidogo hutawanyika, na upotevu huo umeshauhesabu ndani ya zile desibeli (dB) 0.2 ambazo faiba hupoteza kila kilomita. Lakini mwanga ukiwa mkali, wenyewe huanza kuitikisa silika. Mtikisiko hutawanya mwanga, mwanga uliotawanyika huongeza mtikisiko, na duara hilo likishaanza kujilisha haliongezeki polepole.

Brillouin unatokana na sauti. Mfaransa Léon Brillouin aliandika kuhusu mwanga unaotawanywa na mawimbi ya sauti mwaka 1922, miongo mingi kabla leza haijakuwepo. Ndani ya faiba huenda hivi: mwanga unaokwenda mbele hukutana na chembe ya mwanga iliyotawanyika kurudi nyuma. Viwili hivyo vikipishana huunda sehemu kali na sehemu hafifu, na palipo na ukali kioo hujibana kidogo. Mibano hiyo ni wimbi la sauti, nalo husafiri kwenda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde. Kwa mwanga unaolifuata, wimbi hilo ni kama safu ya vioo vidogo vya kujitazamia, kila kimoja nusu mikroni kutoka kwa mwenzake, na vyote vinaurudisha mwanga ulikotoka. Kwa kuwa vioo hivyo vinakimbia, mwanga unaorudi hushuka masafa, kama honi ya basi lililokwisha kukupita inavyosikika nzito. Mshuko huo ni karibu gigahezi 11 kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, yaani chini ya nanomita 0.1. Kwa macho ya chombo cha kawaida cha kupimia rangi za mwanga, utadhani ni rangi ileile.

Raman unatokana na molekuli zenyewe. C. V. Raman, pamoja na K. S. Krishnan, waliugundua huko Kolkata mwaka 1928, na mwaka 1930 Raman akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hapa mwanga huiachia molekuli sehemu ya nishati yake na kutoka ukiwa na masafa ya chini, na kushuka kwake ni kukubwa: karibu terahezi 13, ambazo kwenye 1550 ni takriban nanomita 100. Mwanga huu mpya hauchagui upande, huenda mbele na nyuma. Tena, kwa sababu kioo hakina mpangilio wa fuwele, molekuli zake hazitetemi kwa masafa mamoja, hivyo Raman hukuza rangi nyingi kwa mpigo.

Ni watu walewale wawili, Erich Ippen na Rogers Stolen wa Bell Labs, Marekani, walioonyesha mambo haya yote ndani ya nyuzi za kioo mwaka 1972. Faiba za wakati huo zilikuwa na upotevu ambao leo hakuna fundi angekubali kuusaini, lakini tayari walikuwa wameuona ukuta tunaougonga sasa.

Nauweka hapa mlinganisho wenyewe kwa ufupi, ili unapoyasoma mengine uwe na pa kurudi (kizingiti ni nguvu ambayo ikipitwa lile duara huanza kujilisha, na G.652 ndiyo faiba ya kawaida):

| | Brillouin | Raman |
|---|---|---|
| Kinachotikisika | sauti ndani ya kioo | molekuli za kioo |
| Mwanga mpya huelekea | nyuma tu | mbele na nyuma |
| Masafa hushuka kwa | karibu GHz 11 | karibu THz 13 |
| Upana unaokuzwa | makumi ya MHz | hadi THz 40 |
| Kizingiti, rangi moja, G.652 ndefu | mW 1.5 hadi 3, leza ikiwa nyembamba | karibu W 1 |
| Kinachohesabiwa | nguvu ya kila rangi peke yake | nguvu yote mara upana wote |

Tofauti ya mara mia kadhaa

Tazama mstari wa kizingiti. Miliwati chache kwa upande mmoja, wati nzima kwa mwingine. Ukichukua G.652 ya kawaida, ambayo mwanga ndani yake umeenea kwenye eneo la takriban mikromita 80 za mraba, hesabu ya Brillouin kwa leza nyembamba inakupa miliwati 1.5 hivi. Mwelekeo wa mtetemo wa mwanga ukibadilika ovyo njiani, kama unavyofanya kwenye kebo halisi, kizingiti kinaweza kufika 3, ambazo ni karibu 5 dBm. Nguvu hiyo iko ndani ya uwezo wa amplifaya ndogo kabisa uliyowahi kuifunga.

Hesabu zote mbili zina kitu kimoja kinachowachanganya wengi, nacho ni urefu. Utasikia mtu anasema laini yake ni fupi, kilomita 25 tu, hivyo haya mambo ni ya watu wa Dodoma na Mwanza. Si kweli. Mwanga hupungua kadiri unavyosafiri, na baada ya kilomita 20 hivi uwezo wake wa kuitikisa silika umeshapungua sana. Kwa upotevu wa 0.2 dB kwa kilomita, urefu unaofanya kazi haupiti kilomita 22, hata laini ikiwa na kilomita 80 au 120. Maana yake laini ya kilomita 25 imeshakusanya karibu theluthi mbili ya madhara yote ambayo ingeyapata kama ingekuwa ndefu bila mwisho, na ya kilomita 40 imeshakusanya zaidi ya asilimia 80. Mwanzo wa laini ndio unaouma.

Kinachokuokoa na Brillouin ni wembamba wake. Wimbi la sauti hukuza upana wa megahezi makumi machache tu. Leza yako ikiwa imeenea zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya nguvu yake inakuwa nje ya mdomo wa Brillouin. Tuseme mdomo huo una upana wa megahezi 20, na leza imetanuliwa makusudi hadi megahezi 400: kizingiti hupanda karibu mara 21, zaidi ya desibeli 13. Zile miliwati 3 zinakuwa zaidi ya 60, yaani 18 dBm. Kwa Raman ujanja huu haufui dafu. Mdomo wake ni mpana kiasi kwamba leza yoyote ya mawasiliano, uitanue utakavyo, inaingia yote.

Ukirusha televisheni juu ya faiba

Hapa ndipo Brillouin unapotawala, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko watu wengi wa kwetu wanakoumizwa bila kujua.

Televisheni ya kebo juu ya faiba hutumia mwanga wa 1550, na ishara ya picha hupandishwa juu ya mwanga huo kidogokidogo. Sehemu kubwa ya nguvu hubaki kwenye rangi ile ya katikati, imesimama bila kubeba chochote, nyembamba kama uzi wa buibui. Hicho ndicho chakula cha Brillouin. Na wakati huohuo mrushaji anataka nguvu nyingi, kwa sababu mwisho wa laini kuna splita inayougawa mwanga mafungu 32 au 64, na kila nyumba inadai fungu lake. Ndiyo maana watengenezaji wa vifaa hivi huweka ndani yake mtambo wa kuitikisa leza ili rangi yake itanuke, na kwenye menyu utakuta sehemu ya kuchagua kiwango: 13, 16 au 18 dBm. Usiku ule wa Kibaha kifaa kilikuwa kimewekwa 16, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua ukurasa ule wa menyu.

Kwa nini basi kisiwekwe 18 moja kwa moja na kuachwa hivyo? Kwa sababu kutanua rangi kuna gharama yake. Rangi tofauti husafiri ndani ya G.652 kwa kasi tofauti, na mwanga uliotanuliwa ukisafiri kilomita nyingi huanza kujikanyaga, ukazaa ishara za uongo katikati ya chaneli. Kwa laini fupi, chini ya kilomita 15, mimi huweka 18 bila wasiwasi. Kwa kilomita 40 au 50 napendelea 16, kisha amplifaya ya pili mwisho wa laini, kuliko kulazimisha kila kitu kitokee mwanzo. Bei inaongezeka, naijua hoja hiyo, lakini mteja anayeona picha imeganda hajali umeokoa kiasi gani.

Raman nao una mlango wa kuingilia kwenye mtandao huu, tena mlango ambao hauhitaji wati. Ukiweka televisheni ya 1550 kwenye uzi mmoja na intaneti ya GPON (mfumo wa kupeleka intaneti majumbani kwa faiba) inayoshuka kwa 1490, tofauti kati yao ni nanomita 60, ambayo iko ndani kabisa ya mdomo mpana wa Raman. Mwanga wa 1490 huusukuma ule wa 1550, na kila ishara ya GPON inapowaka na kuzima, chembe ya mdundo huo hubaki kwenye picha. Chaneli za masafa ya chini ndizo zinazoumia zaidi, hasa wakati intaneti haina kazi na GPON inatuma mpangilio uleule ukijirudia. Ukiona chaneli za mwanzo zina kelele usiku wa manane ilhali za juu ziko safi, usikimbilie kulaumu Brillouin. Punguza nguvu ya GPON, au zipandishe chaneli zako muhimu masafa ya juu.

Laini za data za rangi moja hazina shida kubwa. Ishara ya gigabiti 10 ya kuwasha na kuzima hueneza nusu ya nguvu mbali na rangi ya katikati, hivyo kizingiti cha Brillouin hupanda desibeli 3 au zaidi. Ishara za kisasa, zile zinazobeba gigabiti 100 na kuendelea kwa kucheza na awamu ya mwanga, hazibakishi rangi ya katikati kabisa. Brillouin unakuwa hauna cha kushika.

Ukiwa na rangi nyingi za DWDM

Kwa wanaofanya kazi kwenye Mkongo wa Taifa wa Tanzania, au NOFBI, mkongo wa taifa wa Kenya, au kampuni yoyote yenye DWDM, yaani rangi nyingi kwenye uzi mmoja, kila rangi ikiwa chaneli yake, mizani inageuka. Kila chaneli ina miliwati moja au mbili, na kwa Brillouin hakuna anayevuka mstari. Lakini Raman anazijumlisha. Chaneli za mawimbi mafupi, upande wa 1530, huzipa nguvu zile za mawimbi marefu, upande wa 1565. Ukiangalia mwisho wa spani, yaani kipande cha kebo kati ya amplifaya mbili, unaona mteremko: upande mmoja umekonda, mwingine umenenepa.

Andrew Chraplyvy wa Bell Labs alitoa kanuni ambayo bado naipenda kwa urahisi wake. Zidisha nguvu ya chaneli zote kwa upana wa masafa zinaoutumia. Jibu likiwa chini ya gigahezi-wati 500, chaneli inayoumia zaidi haipotezi zaidi ya desibeli moja kwenye spani. Jaribu: chaneli 40 zilizoachana GHz 100, miliwati moja kila moja. Nguvu ni wati 0.04, upana ni GHz 3,900, jibu ni 156. Uko salama. Chaneli 80 zilizoachana GHz 50, miliwati ileile: 316. Bado. Sasa bosi anasema kila chaneli ipewe miliwati 2 ili ifike mbali zaidi: 632. Umevuka, na hakuna chaneli hata moja ambayo ukiipima peke yake utaiona ina kosa. Huo ndio ugumu wa Raman. Huwezi kuukamata kwa kukagua chaneli moja.

Na kanuni hiyo ni ya spani moja. Spani zikiwa kumi na hakuna anayesawazisha, miteremko inajumlishika. Vifaa vya leo husawazisha, lakini husawazisha mzigo uliopo. Chaneli nusu zikikatika ghafla, labda kwa greda la barabarani lililokata kebo mahali fulani, zilizobaki hupoteza au hupata nguvu kwa sababu majirani zake hawapo tena. Amplifaya inayolinda ukuzaji wake haioni kosa lolote, kwa kuwa kosa halikutokea ndani yake. Limetokea kwenye kioo. Wanaotumia kwa pamoja bendi mbili, ile ya C (1530 hadi 1565) na ile ya L yenye mawimbi marefu zaidi, huumia zaidi: upana huongezeka mara mbili na zaidi, nguvu nayo mara mbili, na mteremko unaweza kufika desibeli kadhaa kwa spani moja tu. Ndiyo maana mifumo hiyo hujaza nafasi zisizo na chaneli kwa mwanga wa kelele, ili mzigo usibadilike hata siku mteja akiondoka.

Nikiwa mkweli kwa wenzangu wa DWDM: mara nyingi kitakachokubana kabla ya vyote viwili ni athari ya Kerr, ambapo mwanga hubadilisha mwendo wake wenyewe ndani ya kioo bila kutawanyika. Hiyo ina mada yake. Lakini ukitafuta nguvu bora ya chaneli, utakuta Kerr ndiye aliyekuwekea dari na Raman ndiye aliyeiinamisha dari upande mmoja.

Adui anayeweza kuajiriwa

Kuna jambo moja ambalo Raman anampita mwenzake kabisa. Upana uleule unaokutesa unaweza kukufanyia kazi. Ukiingiza leza kali, ya takriban nanomita 1450, kwenye mwisho wa spani, ikielekea kinyume na ishara, kebo yenyewe inakuwa amplifaya ya bendi nzima ya C. Miliwati 300 hivi kwenye G.652 hukupa karibu desibeli 9 au 10. Faida haipo kwenye ukuzaji wenyewe. Ishara inanyanyuliwa ikiwa bado iko njiani, kabla haijazama karibu na kelele, na kwa spani ndefu unapata desibeli kadhaa za usafi ambazo EDFA, ile amplifaya ya kawaida ya kituoni, peke yake haiwezi kukupa. Brillouin nao hukuza, tena kwa miliwati chache tu, lakini upana wa megahezi makumi kwa ishara ya gigabiti ni kama kuchota bahari kwa kizibo.

EDFA au Raman, basi? Spani zako zikiwa kilomita 60 hadi 80, na kila kituo kina umeme na ulinzi, baki na EDFA. Ni rahisi, inavumilia uchafu kiasi, na fundi yeyote anaijua. Spani ikipita kilomita 110 au 120, kama inavyotokea kwenye mapori ambako kuweka kituo cha kati kunamaanisha sola, betri na mlinzi, hapo Raman inajilipia. Lakini usiinunue kabla hujaikagua kebo. Kilomita 15 hadi 20 zilizo karibu na leza ya Raman lazima ziwe na splaisi safi na koneka chache kadiri iwezekanavyo. Splaisi mbovu ya 0.5 dB pale mlangoni itakula ukuzaji wako. Na uchafu kwenye koneka yenye miliwati 500 hauishii kupunguza ishara, unaungua. Nguvu ikiwa wati moja au mbili, kuungua huko kunaweza kuwasha moto mdogo ndani ya kiini unaotembea kuelekea kwenye leza kwa kasi ya takriban mita moja kwa sekunde, ukiacha uzi umetobokatoboka nyuma yake. Na mwanga huu hauonekani kwa jicho. Zima leza ya Raman kabla hujafungua koneka yoyote, na usimwamini mtu anayekuambia kwa simu kwamba ameshaizima, pima mwenyewe.

Kazi moja ambayo Brillouin anarudi kwa heshima ni kupima joto na mvutano wa kebo. Masafa ya Brillouin husogea kama megahezi moja kwa kila nyuzi moja ya joto, na husogea pia kebo ikivutwa. Raman hupima joto tu, hausikii mvutano. Kwa bomba la mafuta ghafi linalopashwa joto kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, kilomita 1,443, mtu anayechagua kati ya vipimo hivi viwili anajiuliza kama anataka kujua joto peke yake, au pia ardhi ikisogea chini ya bomba. Ukitaka vyote, chagua Brillouin, lakini jiandae kutenganisha joto na mvutano, kwa sababu vyote viwili huandika kwenye namba moja.

Ukinunua kebo mpya

Eneo ambalo mwanga umeenea ndani ya uzi linaamua vizingiti vyote viwili kwa uwiano uleule. G.655 ya zamani ina mikromita za mraba 50 hadi 72, G.652 ina 80, na G.654.E ina 110 hadi 130. Kutoka 80 hadi 125 unapata karibu desibeli 2 za nafasi, kwa Brillouin na kwa Raman pamoja. Juu ya hayo, G.654.E hupoteza karibu 0.17 dB kwa kilomita. Kwa laini mpya ya kuunganisha mikoa ningeilipia. Kwa mjini hapana: bei yake haifai, na kuisplaisi na G.652 iliyoko tayari kunakupotezea sehemu ya ulichokinunua. G.655 nisingeiweka popote leo. Kumbuka tu kwamba eneo kubwa hupunguza pia ukuzaji wa Raman, hivyo ukipanga kutumia leza za Raman kwenye G.654.E, utahitaji nguvu zaidi kupata desibeli zilezile.

Wajenzi wa kebo za baharini wamechukua njia nyingine. Kebo ya 2Africa, inayopita Mombasa na Dar es Salaam, ina hadi jozi 16 za nyuzi. Umeme wa kuendesha amplifaya za chini ya bahari hutoka ufukweni na una kikomo, kwa hiyo ni bora kuugawanya kwenye jozi nyingi, kila moja ikienda na nguvu ya wastani, kuliko kuzikaza jozi chache hadi kioo kianze kupiga kelele.

Jinsi ya kujua umefika wapi

Weka kapla ya asilimia moja, kifaa kinachochepusha asilimia moja ya mwanga, mara baada ya kutoka kwa amplifaya, na pawa mita mbili: moja inapima kinachokwenda, nyingine kinachorudi. Lazima iwe baada ya amplifaya, maana ndani yake kuna kizuizi kinachomeza mwanga wa kurudi na hutauona ukipima nyuma yake. Kwenye faiba ndefu iliyo nzima, kinachorudi ni desibeli 31 hadi 33 chini ya kilichokwenda. Panda desibeli moja moja. Kinachorudi kikipanda desibeli moja kwa kila moja unayoongeza, endelea. Siku kikipanda mbili, tatu, nne kwa hatua moja, umeshakanyaga mstari wa Brillouin; rudi nyuma desibeli mbili na uandike namba hiyo kwenye kabati la kifaa kwa kalamu isiyofutika. Kwa Raman kapla haitakusaidia. Unahitaji kifaa cha kuonyesha rangi zote, mwanzo na mwisho wa spani, na unalinganisha mteremko wa picha mbili.

Kule Kibaha tulipofanya hivyo asubuhi yake, mwanga wa kurudi ulianza kuruka nguvu ya amplifaya ilipopita 16 na nusu dBm. Tukairudisha amplifaya kwenye 16, tukaleta nyingine ndogo mwisho wa laini, na kabla ya adhuhuri picha zilikuwa zimetulia.